Ngezi kwa miguu: tusiishie kuipita na gari tukienda Vumawimbi

Mtoto wa Konde

Assalaam alaykum ndugu zangu wa visiwa vyote viwili.

Kila sikukuu simu zetu zinajaa picha za ufukwe wa Vumawimbi. Mchanga, watoto majini, masufuria ya biriani, kila mtu anacheka. Sijaona hata mmoja anayeweka picha ya msitu alioupita ili afike huko. Na wala hakuna namna ya kuukwepa, maana barabara ya Konde kwenda Makangale inaupasua katikati. Gari inaingia chini ya miti, joto linakatika, watu wanaendelea na mazungumzo yao, mara jua tena, basi. Wameshaipita Ngezi.

Mie nimekulia Konde na msitu huu naupenda, kwa hiyo nasema wazi: tushuke kwenye gari.

Kwa asiyeifahamu, Ngezi iko pembe ya kaskazini magharibi ya Pemba, wilaya ya Micheweni, pale kisiwa kinapoanza kujibana kuelekea Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Ukubwa wake ni kiasi cha hekta 1,440. Zamani misitu ya namna hii ilifunika sehemu kubwa ya Pemba. Karne ya 19 ikaja karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hilo. Vilima vikasafishwa vikapandwa mikarafuu, mabonde yakawa ya mpunga. Ngezi ikabaki. Nayo haikubaki salama, ilikatwa mbao kwa miaka, na mabaki ya mashine ya mvuke ya kupasulia magogo yamo humo mpaka leo. Ikaja kuwekwa hifadhi miaka ya 1950. Kwa hiyo ukiingia mle unatembea ndani ya Pemba waliyoikuta waliotutangulia.

Sasa njia zenyewe. Unalipa getini, mwenyeji na mgeni kila mmoja na kiwango chake, unapewa mtembezaji. Njia fupi ni ya mzunguko, imesafishwa, na mtu asiye na haraka anaimaliza kwa saa moja na kitu. Nawaomba muwe watu wasio na haraka. Hatua za mwanzo huoni chochote isipokuwa kijani, kwa sababu macho bado yana jua. Simama kidogo. Ukishazoea kiza ndipo miti inapoanza kuachana mmoja mmoja. Huu mvule, gamba lake la kiza limekwaruzika. Ule mgulele, mweupe, umenyooka kwenda juu bila tawi, na mizizi yake imesimama juu ya ardhi kufikia kiunoni. Weka mkono pale kwenye mzizi uone ubaridi wake.

Halafu mwambie mtembezaji akuoneshe mpapindi. Ni jamii ya minazi na mitende, shina jembamba lenye pete pete, mara nyingi yanatoka mashina kadhaa pahala pamoja. Wataalamu sasa wanauita Chrysalidocarpus pembanus, zamani Dypsis pembana, na kwa asili yake hauoti popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Nimeona wageni wanauzunguka na kamera kwa muda mrefu, na Mpemba mwenzangu aliyefuatana nao anauliza mti huo una nini. Swali hilo liliniuma, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Chini njia ni laini, majani yaliyooza juu ya mchanga. Baada ya mvua vijito vinavuka njia. Ukifika kwenye kijito vuka pale pale pa kuvukia, hata kama pana tope. Kila anayekwepa tope kwa kupita pembeni anaipanua njia, miche inakanyagwa, na msimu unaofuata pale pana dimbwi la kila mtu kulikwepa.

Ukiwa na nafasi, omba mwendo mrefu wa kuelekea magharibi. Hapo ndipo utaona kwamba Ngezi si msitu mmoja. Kuna sehemu ya miti mirefu na unyevu, kuna mabwawa ya maji baridi, ukingoni mwa bahari kuna mikoko. Na katikati kuna pahala ambapo mchanga ni mweupe, hauna rutuba, na miti inakatika ghafla vinabaki vichaka vifupi vyenye majani membamba madogo mno. Ni jamii ya vichaka ambavyo bara mtu anavitarajia juu milimani, kwenye baridi. Hapa vimeota karibu na usawa wa bahari. Kila nikifika hapo huwa nasimama, nainama, naviangalia tena.

Waliotembea humo waseme walichokiona. Wenye maswali waulize. Na wenye malalamiko nao waseme, maana najua yapo.


Bint Ng'ambo

Waalaykum salaam kaka. Umenigusa kwa sababu mie ni mmoja wa hao wa biriani. Tumekwenda Vumawimbi na familia na kweli msitu tuliuona dirishani tu.

Maswali yangu ni ya mtu wa mjini. Mama yangu ana umri na magoti yanamsumbua, je ataweza? Nina watoto wa skuli, mdogo yuko darasa la pili. Nyoka je? Na mwanamke akitaka kwenda na shoga zake bila mwanamme kuna tatizo? Tunavaa nini?


Maalim wa Wete

Ahsante kijana wa Konde. Nimesomesha bayolojia miaka mingi na nimewapeleka wanafunzi Ngezi kila nilipopata gari, kwa hiyo niruhusuni niongeze jambo ambalo mtembeaji akilijua matembezi yanabadilika.

Unguja na Pemba si ndugu wa tumbo moja. Mkondo unaoitenga Unguja na bara hauna kina kirefu. Zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa imeungana na bara, na wanyama walivuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui, na ina kima punju, wale kima wekundu. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700. Bahari ishuke ivyoshuka, Pemba ilibaki kisiwa. Waliofika hapa waliruka, walielea, au waliletwa na binadamu, na wakishafika walikaa peke yao muda mrefu sana.

Matokeo yake ni kwamba tuna aina nne za ndege ambao duniani kote wanaishi Pemba na vijisiwa vyake tu. Wa kwanza ni ninga wa Pemba, mtafuteni juu ya mitini yenye matunda, hasa mikuyu, na msimtafute kwa macho kwanza kwa sababu rangi yake ni ya majani. Angalieni matunda yanayoanguka bila upepo. Wa pili ni chozi wa Pemba, na huyu wala hamhitaji msitu, yuko kwenye maua ya bustani zenu. Dume anang'aa kijani na zambarau jua likimpiga. Wa tatu ni kadege kadogo ka manjano kenye duara jeupe kulizunguka jicho, kanakwenda kwa makundi na hakatulii. Wa nne ni bundi mdogo, na huyo ndiye wa Ngezi hasa. Mchana hutamuona mpaka mtembezaji akuoneshe tawi alilolalia. Usiku anaita kwa sauti moja fupi, anapumzika, anaita tena, na mara nyingi mwenzake anamjibu kutoka mti mwingine.

Bint Ng'ambo, kuhusu wanyama wakali uwe na amani. Pemba haijawa na chui. Mla nyama wa asili wa kisiwa hiki ni nguchiro wa majini, na yeye atakukimbia wewe. Nyoka wapo kama shambani kwako. Tembea katikati ya njia, usitie mkono pahala usipopaona, viatu viwe vya kufunika kidole.


Bi Kiuyu

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu na nimemwambia aniandikie.

Mnazungumza nyoka, hakuna aliyetaja upupu. Msimu wa kiangazi maganda yake yanakauka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, na upepo kidogo tu unayaleta mwilini. Mgeni anaona ganda zuri anataka kulishika. Msishike. Likikupata usijikune, kwani ukijikuna unalisambaza. Jipake tope au jivu, acha likauke, libandue pamoja na manyoya yake. Siafu nao mkiwaona njiani vukeni kwa hatua ndefu, msisimame kuwaangalia.

Na jambo la pili. Mle ndani kuna pahala watu wa zamani walipaweka kwa heshima, pa mizimu, na wapo wanaokwenda mpaka leo. Kila mtu na imani yake, mie sisemi neno. Nasema ukioneshwa pahala ukaambiwa hapa hatupigi kelele, usipige kelele. Ukikuta kitambaa au chetezo, kiache kilipo.

Mavazi mwanangu wa Ng'ambo: suruali chini ya baibui, au dera fupi kidogo lisiburure. Kanga ya pili ibebe, itakufaa kukalia na kujikinga mbu.


Mtoto wa Konde

Shikamoo bi. Upupu ni kweli kabisa, nashukuru umeutaja. Mwezi wa Januari na Februari ndiyo uangaliwe zaidi.

Bint Ng'ambo, mama ataweza njia fupi kama anaweza kutembea sokoni. Haina mlima. Chagua siku ambayo haikunyesha jana yake ili pasiteleze. Mwambie mtembezaji tangu getini kwamba mnaye mzee, atapunguza mwendo. Kwa watoto nenda asubuhi, saa moja au saa mbili muwe mmeshaingia. Saa sita mchana msitu unanyamaza, ndege wametulia, tumbili wamepumzika, na mtoto ataona miti tu atachoka. Wanawake peke yao wanakwenda, mtembezaji atafuatana nanyi mwanzo mpaka mwisho.

Na mkipata nafasi ya kulala Konde au Makangale, ulizeni matembezi ya usiku. Hayafanywi bila mtembezaji na lazima mpange naye mapema. Ndio wakati wa bundi aliyemtaja Maalim na wakati wa komba. Sauti ya komba ukiisikia mara ya kwanza utadhani mtoto analia, kisha umulike tochi juu uone macho mawili mekundu yanaruka kutoka tawi hadi tawi.


Kijana Makangale

Mmeomba malalamiko, haya yangu.

Mie nakaa Makangale. Msitu uko nyuma ya nyumba yetu. Mnayoyasema ya ndege ni kweli na mie nawajua ndege hao tangu mdogo. Lakini tumbili mnaowapiga picha nyinyi ndio wanaokula migomba na muhogo wa mama yangu. Kuni haturuhusiwi kukata ndani. Fito za kujengea haturuhusiwi. Haya yote tumekubali, na wengi wetu tunaona faida yake, visima vyetu havijakauka. Kinachotuuma ni gari inayotoka Chake na chakula chake, maji yake, mkeka wake, inatupita kijijini kwa kasi, inakwenda ufukweni, inarudi jioni imeacha chupa. Watu wa gari hiyo wakiandika mtandaoni wanasema wamefurahia Pemba.

Mtoto wa Konde anasema tushuke kwenye gari. Mie nasema mkishuka, shukeni na Makangale. Nunueni samaki kwetu. Wapeni kazi vijana wa vijiji vinavyouzunguka msitu, maana wapo wanaojua njia ambazo hazimo hata kwenye ramani. Mtembezaji aliyezaliwa hapa anakujulisha mti kwa jina, dawa yake, na babu yake aliutumia kwa nini. Anayekuja kufundishwa kutoka mjini atakusomea bango.


Maalim wa Wete

Umesema vyema Kijana Makangale, na una haki. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliwapa vijiji nafasi ya kuingia makubaliano ya kusimamia misitu yao. Watu wa msitu wa Jozani, kule Unguja, wamekwenda mbali zaidi katika hili. Ilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka, jumla kilomita za mraba 50, vijiji vya pale vilikuwa vimeshajipanga, wana jumuiya yao ya kuhifadhi mazingira, JECA, na sehemu ya fedha za viingilio inarudi kwao. Ukipita Pete unaona daraja la mbao linalopita mikokoni, wanakijiji ndio wanaolisimamia. Nasi tunaweza kuyadai hayo kwa adabu na kwa maandishi. Watembeaji wakiwa wengi tutakuwa na nguvu zaidi ya kudai.


Dereva wa Konde

Mie ni dereva wa njia hiyo na naona nyote mnatusema kwa kificho, basi niseme.

Abiria ndio wanaotaka kasi. Siku ya Iddi nikienda polepole napigiwa kelele. Na wagonjwa tunabeba, wakati mwingine mama mjamzito anatoka Makangale kwenda hospitali, mtu huyo anataka afike. Mkianza kutia matuta msituni kila hatua mtatuvunjia gari na kutuumizia wagonjwa.


Maalim wa Wete

Ndugu yangu dereva, hakuna aliyekutukana. Lakini angalia Jozani. Barabara ya kwenda kusini ilikuwa inaua kima punju mara kwa mara, kwa sababu wanavuka kwa kundi, mkubwa anatangulia na watoto wanafuata nyuma. Matuta yakawekwa pale wanapovukia hasa, machache tu, na vifo vikapungua. Sisi hatuhitaji tuta kila hatua. Tunahitaji kujua wapi tumbili na paa wanavukia, na hilo nyinyi madereva mnalijua kuliko mtu yeyote mwingine, kwa sababu mnawaona kila siku.


Dereva wa Konde

Wanavukia pahala pawili hasa. Ukishaingia tu kutokea upande wa Konde, kwenye kona, na karibu na unapotoka upande wa pili. Asubuhi na magharibi. Wakiniita kwenye kikao nitakwenda niwaoneshe.


Mwana Bububu

Naomba niingie japo mie ni wa Unguja. Nawasikia wa mjini wanasema Pemba mbali, meli, nauli, wataanza lini. Waanze nyumbani. Masingini iko juu ya Bububu, dakika chache kutoka mjini, na wengi hawajawahi kuikanyaga.

Masingini ni vilima na mabonde, kwa hiyo miguu itaujua mteremko, tofauti na Ngezi ambayo ni tambarare. Unapanda chini ya miti, unashuka bondeni ambako ardhi ni nyeusi na ina unyevu hata kiangazi, unapanda tena. Kima wapo, na ukibahatika utawaona kima punju. Lakini kwangu mie kubwa ni maji. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile inazama chini taratibu kwa sababu kuna miti ya kuishika, na inatoka kwenye chemchemi za huku kwetu Bububu. Sayyid Barghash alipotaka kuwapatia watu wa mji maji safi, ni chemchemi hizi alizozitolea mabomba mpaka Mji Mkongwe. Yeye alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mtu wa Darajani alikuwa anakunywa mvua ya Masingini, na ndiyo maana mie nikiona mtu anachoma mkaa kule juu moyo unanienda mbio.

Mpelekeni mtoto Masingini asubuhi, kisha mteremke naye Bububu mumuoneshe maji yanapotoka. Hiyo ni safari ya nusu siku na haihitaji meli.

Wa Jozani wajue masika msitu wa ndani unajaa maji, kwa sababu maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa ardhi pale. Njia nyingine zinafungwa. Na msiwakaribie kima punju kwa ajili ya picha, hata wakiwa wamezoea watu. Hao wa pembezoni mwa msitu wanakula majani ya miembe na mikungu ya mashamba, halafu utawaona wanaokota mkaa wanautafuna. Si wendawazimu, mkaa unawasaidia kutuliza sumu iliyomo kwenye majani yale.


Bint Ng'ambo

Mwana Bububu, Jumamosi hii hii naanza na Masingini, nakushukuru. Lakini Ngezi pia nakwenda, nimeshaamua. Na popo je? Watoto wameniuliza popo wakubwa wa Pemba wako wapi.


Mtoto wa Konde

Popo uhakika zaidi ni Kidike, kaskazini ya Chake Chake, mnaweza kupita mkiwa njiani kuja huku. Ni popo wa matunda, mbawa zikitandazwa zinafika kiasi cha mita 1.6, na duniani wapo Pemba tu. Miaka ya 1980 kuelekea 1990 walikuwa wamekaribia kwisha. Waliwindwa kwa ajili ya nyama, na miti mikubwa wanayolala ilikatwa. Jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa hiyo ukiua mmoja hasara hairudi upesi. Waliookoa hali hiyo ni wanavijiji, wa Kidike wakiwa mbele, walioamua popo wa kijiji chao hawapigwi. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Nendeni alasiri. Mchana wananing'inia juu, wamejifunika mbawa, wanagombana kwa kelele mtu akimsogelea mwenzake, mara mmoja anatandaza mbawa jua linapita ndani yake unaiona mifupa ya vidole. Magharibi wanaondoka kwenda kula maembe na mashelisheli, na mbegu wanazoziangusha njiani ndizo zinazoota. Popo wa matunda ni wapanzi wakubwa wa mivule.

Kijana Makangale, nimeyasoma uliyoyaandika zaidi ya mara moja. Nakubaliana nawe. Nina ombi. Tufanye matembezi ya pamoja baada ya masika kukatika, watu wa Unguja na wa Pemba, na chakula cha mchana kitoke Makangale kwa bei mtakayoipanga nyinyi. Watembezaji wawe wa vijiji vya jirani. Maalim aje, na Bi Kiuyu tutampelekea gari akikubali. Tusizidi watu kumi na tano kwenye kundi moja, tukizidi tugawane na makundi yapishane nusu saa, la sivyo wa nyuma hataona ndege hata mmoja. Hakuna muziki. Chupa zinarudi na mwenyewe.

Unaonaje?


Kijana Makangale

Nimezungumza na mama na majirani zake, wamekubali. Pweza wa nazi, wali, mchuzi wa samaki, na mihogo kwa asiyekula pweza.

Ila tarehe tuipange kwa maji, si kwa kalenda ya kazi. Ije siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kukupwa sana. Bamvua bahari inakupwa saa nne asubuhi, na wanawake wanakwenda mwambani kwa pweza wakati nyinyi mko msituni. Mkitoka saa sita chakula kiko tayari. Saa kumi alasiri maji yamejaa Vumawimbi, watoto wanaogelea bila kuyafuata mbali. Mkija maji mafu hakuna pweza, na mtakaa ufukweni mnaangalia maji hayaendi wala hayarudi.


Dereva wa Konde

Gari yangu ipo. Mniambie tarehe siku tatu kabla, na watu wangapi wanateremkia getini.


Bint Ng'ambo

Sisi ni saba, pamoja na mama. Yeye anateremkia getini.